Maneno ya Pesa na Ng'ombe Sita wa Milembe

Siku ya kuniaga, meneja alisimama mbele ya keki akaniomba kitu. "Mama Deus," akasema, "umekaa kaunta na umekaa mikopo tangu sisi wengine tunavaa kaptula. Tuandikie kumbukumbu zako, kurasa chache tu, na mwishoni utuwekee yale maneno ya Kiingereza ya fedha ambayo kila mfanyakazi mpya anapaswa kuyajua." Watu wakapiga makofi. Nikapewa saa ya ukutani na cheti kilichoandikwa Kiingereza kitupu. Nikashukuru, nikala keki, na hasira nikaondoka nayo mpaka nyumbani.

Basi nimeandika. Nawaandikia nyie vijana mlioko pale ofisini kwetu Kashaulili sasa hivi, nyie wa kaunta na nyie mnaopanda pikipiki kwenda vijijini. Meneja akitaka kusoma naye asome, sijamfungia mlango. Maneno ya Kiingereza yamo, ila sikuyaweka mwishoni alikotaka yeye. Nimeyaweka pale yalipoumiza watu.

Niliingia kazini nikiwa msichana wa Majengo, nimemaliza kidato cha nne, natoka kuuza dukani kwa shangazi. Ofisi ya kampuni yetu ya akiba na mikopo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, meza mbili, na sefu iliyotaka watu wawili kuifungua, mmoja wa kuzungusha ufunguo na mwingine wa kuupiga mlango teke. Keshia mkuu alikuwa Mzee Damiani, Mkonongo mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Salamu yake ya kwanza kwangu ilikuwa, "Hizo kucha kakate." Nikaenda kuomba wembe kwa mama lishe wa jirani. Niliporudi akaniwekea sponji yenye maji na bunda la noti, akasema nihesabu, nigeuze, nihesabu tena. Noti zilinuka tumbaku na dagaa. Nilikosea asubuhi nzima, na sikupewa pole hata moja.

Maneno ya Kiingereza yalikuwepo hata enzi hizo, msije mkadhani mmeyaleta nyie. "Deposit", "withdrawal", "balance", yote yalichapwa kwenye karatasi zetu. Mzee Damiani aliyajua, na aliyaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini kumtamkia mteja ilikuwa marufuku. Siku moja nilimwambia mama mmoja wa sokoni, "Balance yako ni ndogo." Mzee akageuka na kiti chake. "Umemwambia nini mteja? Mwambie pesa yake iliyobaki kwetu ni hii hapa. Yeye hakuja kusoma shule." Yule mama akacheka mpaka akashika kaunta, mimi nikatamani ardhi inimeze.

Kwenye mikopo ndiyo alikuwa balaa kabisa. Ulikuwa huwezi kuweka dole gumba kwenye mkataba mpaka umrudishie maneno yake kwa mdomo wako mwenyewe. "Rudia," anasema. "Usipolipa, nini kitatokea? Nani atakuja kwako? Atachukua nini?" Ukibabaika, anafunika wino. "Nenda kanywe chai kwanza, urudi."

Mara moja walikuja akina mama kutoka Katumba, wakulima, ambao wazazi wao walitoka Burundi na wenyewe sasa ni Watanzania kama mimi na wewe. Walitaka mkopo wa kikundi, kila mmoja amdhamini mwenzake. Mzee akamwaga maharage mezani, akagawa, kila mama fungu lake. Kisha akalichota fungu la mmoja aitwaye Felisiana akalitia mfukoni. "Huyu mume wake kaumwa, pesa imeisha. Nyie wengine leteni." Akaanza kuchota kwenye mafungu yao bila huruma. Mama mmoja akasimama. "Yaani mimi nilale njaa kwa ajili ya mume wa Felisiana?" Mzee akamjibu, "Ndicho unachotaka kusaini hicho." Mama akajifunga kitenge chake vizuri akaondoka zake. Waliobaki walichukua mkopo na wakalipa wote, na yale maharage tuliyapika mchana.

Vyeo sivitaji hapa, maana vyeo vinaandikwa mlangoni na vinafutwa na rangi. Mzee Damiani alistaafu, akafariki, nami nikabaki na mikopo. Tukaendelea hivyo hivyo na "rudia" yake. Mfugaji, mkulima wa mpunga, fundi cherehani, wote walirudia. Wapo walioondoka bila mkopo wakinitukana, na msimu uliofuata wakaja kunishukuru.

Kisha kampuni ikanunuliwa na watu wa mjini. Wakapaka jengo rangi, wakaweka kiyoyozi, wakaleta mikataba mipya. Mikataba yote Kiingereza, kurasa nyingi, herufi ndogo mpaka unahitaji miwani juu ya miwani. Tukaitwa semina. Watu wazima tumevaa fulana za njano, tunaimbishwa kama darasa la pili: "Collateral!" Collateral. "Guarantor!" Guarantor. "Default!" Default. Nikanyoosha mkono nikauliza mkataba wa Kiswahili uko wapi. Mwezeshaji akatabasamu. "Mama, hii ni standard ya kimataifa." Nikamuuliza kama mteja wetu wa kijijini Kabungu naye ni wa kimataifa. Watu wakacheka, ila mimi sikuwa nimetania.

Na "rudia" ikafutwa. Meneja alisema inakula muda, na kila afisa ana lengo lake la wiki. Nikamwambia, "Meneja, haraka haraka haina baraka." Akanijibu, "Mama Deus, methali haziingii kwenye ripoti." Namfahamu meneja wetu, si mtu mbaya wa kuzaliwa. Anasalimia, anauliza watoto, anachangia misiba. Lakini kwa jambo hili namkasirikia mpaka leo, na mtu asije akanituliza.

Sasa nafika kwa Masanja. Masanja ni Msukuma wa Kabungu, baba yake alihama na mifugo kutoka kaskazini. Mfugaji na mkulima, mpole, mwenye boma kubwa la ng'ombe. Alitaka mkopo wa pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono, alimie mpunga. Afisa wetu mmoja kijana akapanda pikipiki kwenda kukagua dhamana. Akafika bomani asubuhi, ng'ombe hawajatoka. Akawahesabu wote kwa kidole. Akamuuliza Masanja mbele ya majirani, "Hawa ng'ombe ni wako?" Masanja akasema, "Ndiyo, ni wa hapa." Kijana akaandika "collateral", akapiga picha, akarudi amefurahi.

Mtu yeyote aliyekulia na Wasukuma wa huku angemzuia mlangoni. Kwanza ng'ombe wa mtu hahesabiwi kwa kidole, ni mkosi. Pili, na hili ndilo kubwa, ng'ombe waliomo kwenye boma si lazima wawe wa mwenye boma. Wana desturi yao inaitwa kubilisa. Tuseme nina ng'ombe, napeleka baadhi kwa ndugu au rafiki awalishe. Maziwa anakunywa yeye, ndama ni wangu. Ugonjwa ukiingia kwangu, walioko kwake wanapona. Na jambo hili halitangazwi. Mbele ya mgeni, mwenye boma akiulizwa, anasema ni wa hapa, kwa sababu kutaja mali ya mwenzio hadharani ni kumtafutia wivu na wezi. Masanja hakusema uongo. Alikuwa na adabu.

Faili lilipofika mezani kwangu nilikataa kuligonga muhuri. Nikamwambia meneja arudi mtu, tena jioni, akae na Masanja na wazee wake faragha, aulize upya: wa kwako ni wepi, wa kulishwa ni wepi. Meneja akasema, "Mkopaji amekiri mbele ya mashahidi. Collateral ni collateral." Akaligonga mwenyewe. Masanja akaweka dole gumba kwenye kurasa ambazo hakuna aliyemsomea. Ndani yake paliandikwa kuwa mifugo yote itakayokutwa kwenye eneo lake ni dhamana yetu.

Msimu ule mto ulifurika ukabeba mpunga wa bondeni wote. Masanja akakosa rejesho, akakosa tena, akaja mwenyewe kueleza. Anayekuja mwenyewe kueleza ni mtu wa kukaa naye, jamani! Nilitaka tumsogezee muda. Lakini kompyuta ya makao makuu ilikuwa imeshamwandikia "default", yaani ameshindwa kulipa, kwa rangi nyekundu. Dalali akaenda Kabungu na lori. Dalali naye ana macho, hachagui waliokonda. Akaswaga ng'ombe kumi na wawili walionona, na kati yao sita walikuwa wa Milembe.

Milembe ni mjane, shemeji wa mbali wa Masanja. Mumewe alipofariki alikusanya alichobakiwa nacho akakipeleka kwa Masanja kwa kubilisa. Wale sita walikuwa na kazi yao. Kijana wake alikuwa ameshamchukua binti wa watu, Kabula, yuko nyumbani na mimba, na wazee wamekubaliana ng'ombe wa mahari wapelekwe kwa baba yake Kabula baada ya mavuno. Bila wale ng'ombe, Kabula si mke wa mtu.

Alikuja ofisini siku moja kabla ya mnada. Amevaa kanga mbili safi, ameshika fimbo. Alipita foleni yote akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Mayu," akaniita, mama kwa Kisukuma, "nimekuja kuchukua ng'ombe zangu."

"Zipi, mama?"

Akazitaja moja moja, rangi, pembe, na alama ya sikio. Nikampeleka kwa meneja. Yule afisa kijana alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji, anasikia kila kitu. Milembe akarudia kuzitaja, akaeleza kubilisa, akasema mwenyekiti wa kijiji na wazee wako tayari kuja kushuhudia. Meneja akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni "third party", hayumo kwenye mkataba, hana madai. "Mwambie hivyo, mama."

Ala! Nimwambie mimi! Sikuyapamba maneno yake. Nikasema, "Milembe, anasema wewe hatukujui."

Milembe akamtazama meneja kwa utulivu. "Hamnijui mimi," akasema, "ng'ombe zangu mmezijuaje?"

Nilimwomba meneja asimamishe mnada kwa wiki moja tu. Nikaandika, nikapiga simu makao makuu, nikaambiwa nisiingize hisia kwenye kazi. Kesho yake ng'ombe wakauzwa wote, wengine wakapanda malori kwenda mbali. Nilirudi nyumbani nikavunja sahani mbili wakati wa kuosha vyombo, na sikuwa nimeteleza.

Baba yake Kabula alisubiri mavuno yaishe, akasubiri na zaidi. Halafu akaja kwa Milembe, akanywa maji aliyopewa, akasema hana ugomvi na mtu, akamchukua binti yake na tumbo lake kubwa wakaondoka. Mtoto alizaliwa kule. Mpaka leo kijana wa Milembe anamwona mwanaye kwa kuomba ruhusa.

Kabula alipokwisha kuchukuliwa, Masanja akaja ofisini, amekonda. Akakaa mbele ya meneja akasema, "Mimi sikatai deni. Mmechukua, mmechukua. Naomba kitu kimoja. Nipeni ngozi."

Meneja akadhani mtu amechanganyikiwa. Ikabidi nieleze mimi. Ng'ombe wa kubilisa akifa, mlishaji anamchuna, anapeleka ngozi kwa mwenye mali. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba hukumla wala hukumuuza kwa siri. Ng'ombe sita wa Milembe wametoweka mikononi mwa Masanja, na hana ngozi hata moja. Kijijini wameanza kusema kawauza mwenyewe na hadithi ya kampuni ni kisingizio. Wazee wamemwitia kikao. Wakimtia hatiani watamtenga: hapewi moto, hapewi maji, msiba wake hauchimbiwi kaburi na mtu.

Meneja akacheka. Sitasahau, alicheka. Kisha akachapisha karatasi inayoitwa "auction statement", yaani taarifa ya mnada, akaipiga muhuri, akampa. "Hii ndiyo ngozi yako, mzee." Masanja akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Nilitoka nje, maana ningebaki ningemtupia mtu sefu.

Siku ya kikao niliomba ruhusa nikanyimwa, nikaenda. Nililipa bodaboda mpaka Kabungu. Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Masanja, wanaume upande huu, wanawake upande ule, boma nyuma yao limebaki na ng'ombe wachache. Ile karatasi ya muhuri ilizunguka mikono yote ikarudi kwa mwenyewe, kila mtu ameigeuza, hakuna aliyeambulia neno. Mzee mmoja akauliza, "Sasa hii ni ngozi ya nani?" Wengine wakaguna.

Nikaomba kusema. Mzee akauliza mimi ni nani. "Mimi ni mtu wa ile kampuni," nikasema. "Ng'ombe kumi na wawili tuliwachukua sisi, kwa lori, kwa sababu ya deni la Masanja. Sita kati yao hawakuwa wa Masanja, ni wa Milembe. Masanja hakuuza hata mmoja."

"Mlijua ni za Milembe?" mzee akauliza.

"Alikuja kutuambia."

"Alipokuja mlikuwa mmeshauza?"

"Tulikuwa hatujauza."

"Mkauza."

"Tukauza."

Yule mzee akapiga fimbo chini mara moja. "Basi," akasema, "ngozi tumeiona." Masanja akafunika uso kwa mikono akalia, mtu mzima na ndevu zake. Wenzake wakamshika mabega. Nami kwa muda mfupi nikajiona nimefanya kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Lakini desturi ina upande wa pili. Ngozi ikionekana, mlishaji hana kosa, na hasara ni ya mwenye mali. Wazee walilijua, Masanja alilijua, na Milembe alilijua kuliko wote. Alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha. Hakulia. Alinitazama mimi, hakuwatazama wazee.

"Mayu, umemsafisha Masanja, umefanya vizuri. Ila ng'ombe zangu hazikufa. Ziko huko zinakamuliwa na watu. Mimi nimdai nani?"

Ningeweza kusema makao makuu. Ningeweza kusema wale watu wa mjini. Nilikuwa nimebakiza siku chache nipewe saa yangu ya ukutani niende zangu.

"Tudai sisi," nikasema.

"Nyie akina nani?"

"Sisi wote. Mimi, meneja, na kijana aliyewahesabu. Nenda mahakamani, na mimi nitasimama upande wako."

Ameenda. Kesi iko mahakama ya mwanzo, na meneja ameshanipigia simu kunikumbusha kwa upole kwamba mafao yangu bado yanashughulikiwa. Nikamwambia ayashughulikie, mimi nashughulikia ya Milembe. Meneja anasema hajawahi kumwona huyo mama. Dalali anasema yeye alitumwa. Mimi ni mstaafu mwenye kinyongo, ndivyo watakavyosema, na sitawabishia, kinyongo ninacho tele.

Amebaki mmoja. Kijana uliyekuwa umesimama mlangoni na glasi ya maji, wewe unajijua, na wenzako wanakujua, kwa hiyo sina haja ya kukutaja. Nasikia umeambiwa useme Masanja alikudanganya, na kwamba Milembe hakufika ofisini kabla ya mnada. Nasikia umepewa na karatasi ya kukariri, Kiingereza kingi ndani yake. Mimi ni mama yako wa kazini, nilikufundisha kuhesabu noti, sikutishi. Nakukumbusha tu kwamba pale mahakama ya mwanzo hakimu anauliza kwa Kiswahili. Atakuuliza kama ulimsikia yule mama. Mwanangu, ulimsikia.